Watu Wanaosafiri na Vitanda Vyao

Kusini mwa Ujerumani, kati ya mto Donau na ziwa kubwa la Bodensee, iko nchi ya vilima na malisho iitwayo Oberschwaben. Ukisimama ukingoni mwa ziwa hilo siku ya jua, waweza kuona ng'ambo milima ya Uswisi na Austria, yenye theluji hata mwezi wa Mei. Watu wa huko ni Wakatoliki tangu zamani. Penye njia panda pana msalaba, na vijiji vidogo vina makanisa yenye minara ambayo ingetosha mji mzima. Watu wakikutana njiani husalimiana kwa kusema "Grüß Gott", maana yake Mungu akusalimu, nao husema hivyo hata dukani na posta, kama sisi tusemavyo Tumsifu Yesu Kristo.

Parokia yetu ina urafiki wa miaka mingi na parokia moja ya nchi hiyo. Tulialikwa watu watatu: Paroko, mama mmoja wa WAWATA, na mimi karani. Tulikaa wiki tatu. Kuhusu mashule na mashamba yao nitaandika siku nyingine, Mhariri akinipa nafasi. Leo nataka kusimulia jambo moja ambalo sikulitazamia kabisa kuliona katika nchi ya makanisa, nalo ni magari yenye vitanda.

Ijumaa baada ya Sikukuu ya Kupaa Bwana tulipelekwa Weingarten. Hapo pana basilika kubwa ya Mtakatifu Martino, iliyojengwa kati ya mwaka 1715 na 1724, na ndani yake hutunzwa Masalia ya Damu Takatifu, waliyopewa wamonaki wa Kibenedikto mwaka 1094 na Judith wa Flanders. Wamonaki wenyewe waliondoka mwaka 2010, lakini ibada haikuondoka. Kila mwaka siku hiyo wapanda farasi wapatao 2,000 hufanya maandamano, wamevaa makoti meusi na kofia ndefu, na padre aliyepanda farasi huyachukua Masalia akibariki mashamba na nyumba. Maandamano huanza saa moja asubuhi. Mtu anayetoka mbali hawezi kuwahi asipofika tangu jana yake. Basi nje ya mji, katika malisho, niliona magari meupe marefu yamejipanga safu kwa safu, yana madirisha yenye mapazia, na kwenye milango wamekaa wazee kwa vijana wanakunywa kahawa, nywele zao bado za kitandani. Walikuwa wamelala humo.

Gari la namna hiyo tuliite gari-nyumba. Kwa nje ni kama lori dogo au basi dogo. Ndani mna jiko la gesi, meza, kabati, tangi la maji, choo, na vitanda. Siyo motakaa ya watalii wachache tu. Ujerumani imeandikisha magari-nyumba zaidi ya laki nane, na wenye nayo wengi ni wazee waliostaafu na wazazi wenye watoto wadogo. Bei yake ni kubwa. Gari jipya la kawaida hupita euro 60,000. Kwa hiyo watu hulichagua kama sisi tunavyochagua kiwanja, kwa safari nyingi na maneno mengi.

Jambo la ajabu ni kwamba nchi hii ya Oberschwaben pamoja na jirani yake Allgäu ndiyo kama shina la kazi hiyo. Katika mji wa Isny alikaa bwana mmoja, Arist Dethleffs, ambaye jamaa zake walitengeneza mijeledi na glavu za kuvaa kwenye theluji. Yeye alikuwa akizunguka nchi kuuza bidhaa hizo. Mwanamke wake, Fridel, alikuwa mchoraji, naye hakupenda kuachwa nyumbani kila mara. Mwaka 1931 Dethleffs akaunda kibanda chenye magurudumu cha kukokotwa na motakaa, wapate kusafiri pamoja. Hicho huhesabiwa kuwa cha kwanza cha aina yake katika Ujerumani. Hivyo chanzo cha kazi ambayo leo yaajiri maelfu ya watu kilikuwa mwanamke aliyekataa kulala peke yake nyumbani, na mume aliyemsikiliza.

Habari ya mji wa pili, Waldsee, ni ya namna nyingine. Huko wakati wa vita kuu ya pili aliishi fundi mmoja aitwaye Erich Bachem, aliyeunda ndege ya mbao ya kurushwa juu wima kama fataki, na mtu ndani yake. Ilirushwa na mtu mara moja tu, tarehe 1 Machi 1945, na rubani kijana, Lothar Sieber, akafa. Baada ya vita fundi huyo huyo akaungana na kijana Erwin Hymer, na mwaka 1957 wakaunda kibanda chepesi cha kusafiria. Jina la vibanda hivyo, Eriba, limetokana na herufi za mwanzo za jina lake. Ujuzi wa mbao nyembamba na vyuma vyepesi uliokuwa umemwua mtu ukawa wa kulaza watoto. Siku hizi Bad Waldsee pana kiwanda kikubwa, na karibu yake jumba la makumbusho, lililofunguliwa mwaka 2011, ambamo vibanda na magari ya zamani yamepangwa yote. Mtu aweza kuingia akaona jinsi kitanda kilivyobadilika: kwanza godoro jembamba juu ya sanduku, kisha meza inayogeuka kitanda, mpaka vitanda vya leo vinavyoshuka darini kwa kubonyeza kidude.

Kilomita chache kutoka hapo ni Reute, kwenye kaburi la Mwenye Heri Elisabeti, ambaye wenyeji humwita Gute Beth, yaani Betha Mwema. Alifariki mwaka 1420, akatangazwa Mwenye Heri mwaka 1766. Huko ndiko nilikomkuta kwanza yule bibi ambaye kwa ajili yake naandika habari hii.

Wenyeji wangu walikuwa mume na mke. Mume, nimwite Mzee, alikuwa seremala kabla ya kustaafu, mtu mrefu wa meta 1 na sentimeta 88. Mke, nimwite Mama, alikuwa mwuguzi. Pamoja nao akaa mama mzazi wa mke, Bibi, mwenye miaka 84, ambaye hutembea kwa fimbo na huamka usiku mara mbili au tatu. Yuko pia mjukuu, msichana wa miaka tisa, ambaye wakati wa likizo hukaa kwao. Bibi alikuwa na haja moja tu. Marehemu mumewe alikwenda Lourdes zamani, katika gari moshi la wagonjwa. Yeye alibaki na watoto na ng'ombe. Sasa alitaka kufika hapo alipofika mumewe. Kutoka kwao mpaka Lourdes ni zaidi ya kilomita 1,100. Basi la mahujaji husafiri usiku kucha watu wameketi, na miguu ya Bibi huvimba. Ndege haitaki kabisa. Ndipo Mzee na Mama wakasema, ikiwa wanataka kununua gari-nyumba kwa ajili ya uzee wao wenyewe, basi na linunuliwe sasa, na safari yake ya kwanza iwe ya Bibi.

Tatizo likawa vitanda.

Mzee alikuwa amekwisha kuchagua moyoni mwake. Alilipenda gari moja lenye kitanda kikubwa nyuma, kimesimama katikati ya chumba, nawe waweza kukiendea kutoka pande zote mbili kama kitanda cha askofu. Wao hukiita kitanda cha malkia. Ni kitanda kizuri, sina la kusema. Hakuna anayemruka mwenzake, na kutandika ni rahisi. Lakini chataka gari refu, la meta saba na zaidi, na hutosha watu wawili tu. Wengine wawili walale wapi? Mwuzaji alisema, "Mbele kuna kitanda kingine." Alikuwa kweli. Kilikuwa darini, juu ya meza, na kupanda kwake ni kwa ngazi ya vidato vinne.

Mama hakusema neno. Alimtazama mama yake, kisha akamtazama mumewe. Mzee akatoka nje kuangalia magurudumu.

Katika siku zile tulizunguka nao mara tatu kwenye viwanja vya wauzaji, na Paroko, aliyesoma Austria, alitutafsiria. Mimi nilikuwa na daftari. Naona si vibaya nieleze aina za vitanda hivyo, maana kila aina ina mtu wake, na hata sisi tunaojenga nyumba za vyumba viwili twapata humo la kufikiri.

Iko aina ya gari lenye kipaji kikubwa, yaani paa limetokeza mbele juu ya dereva, na ndani ya kipaji hicho mna kitanda cha watu wawili. Hupandwa kwa ngazi. Hakiondolewi wala kukunjwa; mchana mtu aweza kuacha shuka zake kama zilivyo. Watoto hukipenda mno kwa sababu ni kama dari ya ghala. Mtu mzima akiamka ghafla hugonga kichwa. Tena kipaji hicho hukinga upepo, na gari hunywa mafuta zaidi. Kwa baba na mama wenye watoto wawili au watatu ni chaguo la busara. Kwa Bibi, hapana.

Iko nyingine ambayo kitanda kimewekwa nyuma kukingama, kutoka ubavu hadi ubavu wa gari. Faida yake ni kwamba gari laweza kuwa fupi, na chini ya kitanda ni stoo kubwa ya kutilia baiskeli. Lakini fikiri, ndugu msomaji: urefu wa kitanda hauwezi kuzidi upana wa gari. Katika magari yale membamba yaliyotokana na lori la kupakia mizigo, mtu wa kimo cha Mzee hulala nyayo zimegusa ukuta mmoja na utosi ukuta wa pili. Na yule anayelala upande wa ndani hana njia ila kumpanda mwenzake. Mume na mke wenye umri wa miaka 25 watacheka. Wenye miaka 65 hawatacheka usiku wa pili.

Kitanda wanachokiita cha Kifaransa kiko chini zaidi, kimekaa kwa urefu wa gari, ubavu mmoja umeegemea ukuta, na pembe moja ya miguuni imekatwa ili watu wapate kupita kwenda chooni. Ni cha watu wawili kwa jina. Mchagoni huenea vizuri, lakini miguuni ni chembamba, na hapa tena yupo mmoja wa ndani na mmoja wa nje. Mzee, kwa useremala wake, alikiinua godoro akatazama chaga, akagonga mfumbati kwa kidole, akasema mbao ni nzuri ila mtu aliyekipima alikuwa bado hajaoa.

Vitanda vya ghorofa, kama vya bweni, huwekwa nyuma katika magari ya watu wenye watoto. Huwa vyembamba, na yafaa kuuliza vinachukua kilo ngapi, kwa maana vingine vimeundwa kwa watoto tu. Kisha kuna meza inayogeuzwa kitanda. Meza hushushwa, mito ya viti hupangwa juu yake, na tayari. Kwa usiku mmoja wa dharura ni msaada mkubwa. Kwa safari ya wiki mbili ni adhabu. Kila usiku kazi ya kupanga, kila asubuhi kazi ya kupangua, na palipokutana mito miwili pana ufa unaokuja kujulikana na mgongo. Tena anayelala hapo ndiye wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka, kwa sababu kitanda chake ndiyo sebule ya wenzake. Wauzaji huihesabu meza hiyo wanaposema gari ni la watu watano.

Hapa Mama alitoa shauri ambalo naliona lilikuwa kichwa cha mambo yote. Alisema watu huhesabu vitanda kwanza, na inafaa kuhesabu watu kwanza. Akachukua karatasi akaandika majina manne, na mbele ya kila jina mambo haya: huamka mara ngapi usiku, aweza kupanda vidato vingapi, urefu wake, hulala saa ngapi. Mbele ya jina la mjukuu akaandika kwamba huzungumza usingizini. Mbele ya jina la mumewe akaandika kwamba hukoroma, na Mzee akaomba neno hilo lifutwe, likakataliwa.

Kisha akaongeza safu nyingine, ya viti. Nalo ni jambo ambalo wengi hawalifikirii. Gari laweza kuwa na vitanda vitano na viti vinne tu vyenye mikanda, na sheria hairuhusu mtu kusafiri amelala kitandani gari likienda. Mtu wa tano ana mahali pa kulala na hana mahali pa kusafiri.

Tena pana uzito. Huko, mtu aliyepata leseni ya motakaa ya kawaida kuanzia mwaka 1999 alipewa mpaka wa gari lenye uzito wa kilo 3,500, mizigo na watu wakiwamo. Wazee waliopata leseni zao kabla ya hapo huruhusiwa mpaka kilo 7,500. Mzee angeweza kuendesha lo lote. Lakini binti yao, mama wa yule msichana, ndiye aliyekusudiwa kuwapokea usukani katika safari nyingine, na leseni yake ni ya karibuni. Tuseme gari pamoja na dereva na mafuta ni kilo 3,050. Zimebaki 450. Weka watu watatu wa kilo 75 kila mmoja, zimebaki 225. Humo mna chakula, nguo, viti vya nje, fimbo ya Bibi na baiskeli mbili za Mzee, kila moja kilo 25 kwa kuwa ni za umeme. Gari refu lenye kitanda cha malkia huwa zito zaidi. Niliona uso wa Mzee ukibadilika alipofanya hesabu hiyo mwenyewe. Hesabu haina adabu kwa mtu mzima.

Nikiwa nasikiliza nilikumbuka magari moshi ya kwetu. Wajerumani hao hao ndio waliojenga reli ya kati, wakaianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Aliyepata kulala katika chumba cha daraja la pili, vitanda sita, vitatu kila upande, ajua vita ya kimya juu ya kitanda cha chini. Vijana wenye adabu hupanda juu wakawaachia wazee. Lakini kitanda cha chini nacho, mchana ni kiti cha watu watatu, na mzee aliyechoka saa nane mchana hana pa kujinyosha mpaka wengine waamue kwamba usiku umeingia. Kadhalika tunapokodi basi kwenda Namugongo kwa Sikukuu ya Mashahidi, tarehe 3 Juni, twagawa viti kwa utaratibu wa majina. Ni haki, lakini mama mwenye miguu mibovu akiwekwa kiti cha nyuma kabisa juu ya gurudumu, hufika amekwisha kuchoka kabla ya kusali.

Bibi mwenyewe hakuwa ameulizwa bado. Alikuja nasi mara ya tatu tu. Siku hiyo aliingia katika gari moja baada ya jingine, polepole, akishika mlango. Katika lile la kitanda cha malkia alikaa pembeni ya godoro, akalisifu. Mzee akafurahi. Bibi akasema, "Mwanangu, lala wewe hapa, wafaa. Mimi sihitaji kitanda kikubwa. Nahitaji kitanda nitakachoshuka mwenyewe usiku bila kumwamsha mtu." Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba ikiwa kila usiku itambidi kumwita binti yake amshushe ngazi, basi hatakwenda, kwa maana hiyo si hija tena, ni hospitali. Mzee hakujibu. Wote tulikaa kimya, na mwuzaji naye, nimsifu, alinyamaza.

Mama akavua viatu vyake. Akamwambia Bibi akae juu ya kila kitanda, siyo kulala, kukaa tu, naye akatazama miguu. Kwa kazi yake ya uuguzi alijua kipimo: kitanda kinachomfaa mtu mzee ni kile ambacho akikaa, nyayo zake zinatulia sakafuni na magoti hayapandi juu ya nyonga. Kitanda kikiwa juu sana ataruka na kuanguka. Kikiwa chini sana hatainuka. Ningependa kipimo hicho kijulikane hata kwetu, ambako twaunda matendegu kwa mazoea ya fundi na siyo kwa miguu ya atakayelala.

Hapo ndipo tulipotazama aina ya mwisho, ambayo Mzee alikuwa ameipita bila kuiangalia. Nyuma vitanda viwili vya mtu mmoja mmoja, kila kimoja kwa urefu wa gari, njia katikati. Vingi vya namna hiyo viko juu, kwa sababu chini yake ni stoo ya baiskeli, nawe hupanda vidato viwili au vitatu. Lakini yapo magari machache ambayo stoo hiyo imeachwa, na vitanda vimewekwa chini kama vya nyumbani. Choo ni hatua mbili tu kutoka miguuni. Bibi alikaa. Nyayo zikatulia. Akainuka mwenyewe, akakaa tena, akainuka tena, kama mtoto aliyepata kiti kipya.

Na Mzee na Mama walale wapi? Juu ya meza, katika kitanda cha kushuka kutoka darini. Siyo kama kile cha ngazi. Hiki hushuka kwa mota mpaka karibu na viti, kiasi cha kukalia kwa urahisi. Kina matata yake. Kikiwa chini, hakuna sebule tena, na mlango wa nje umezibwa nusu. Anayetaka kulala mapema huwalaza wote mapema. Ila watu hawa wanne hulala saa tatu na nusu wote, karatasi ya Mama ilikwisha kusema hivyo, na kwao tatizo hilo halikuwa tatizo.

Aliyepoteza ni Mzee. Stoo ya baiskeli haikuwapo, na mpango wake wa kuzunguka vijiji vya Ufaransa kila asubuhi, alioufikiria kwa miaka miwili, uliingia mashakani. Alizunguka gari mara mbili. Akapima nyuma kwa ufito wake wa kukunja. Akauliza kama fremu ya kufungia baiskeli kwa nje yaweza kubeba kilo 50, akaambiwa yaweza. Akasema, "Basi."

Hawakununua siku hiyo, na hilo nalo ni la kuigwa. Walikodi gari la mpango kama huo kwa usiku tatu, wakaliweka karibu na ziwa, kilomita kama 40 tu kutoka kwao, mahali ambapo likiwashinda wangerudi nyumbani kabla ya chai. Kutazama kitanda na kukilalia ni mambo mawili. Usiku wa kwanza walijifunza kwamba gari limesimama mteremko, na Bibi alilala kichwa kimekuwa chini ya miguu. Asubuhi Mzee akachonga kabari mbili za mbao za kuweka chini ya magurudumu, ingawa za plastiki zauzwa kila mahali. Usiku wa pili walijifunza kuhusu unyevu. Watu wanne wakipumua ndani ya chumba kidogo chenye kuta baridi, maji hujikusanya chini ya godoro, na godoro lisilo na chaga za kupitisha hewa huota ukungu katika wiki chache. Dirisha la dari lilibaki wazi kidogo tangu siku hiyo, na shuka zikaanikwa kila asubuhi. Usiku wa tatu Mama hakuamka hata mara moja. Alituambia hivyo kwa mshangao, maana Bibi alikuwa ameamka mara tatu.

Tuliondoka kabla gari halijanunuliwa. Siku ya mwisho tulipanda tena Reute pamoja na Bibi, akawasha mshumaa kwenye kaburi la Betha Mwema. Kama wasomaji wapenda kujua, nchi jirani ya Bavaria ndiko uliko utawa wa St. Ottilien, walikotoka Wabenedikto waliojenga Peramiho na Ndanda. Bibi alizijua Peramiho na Ndanda kwa majina, kutoka gazeti la misioni alilosoma utotoni, kuliko nilivyoijua Lourdes mimi.

Barua ya Mama ilimfikia Paroko mwezi wa Oktoba, pamoja na picha. Walikwenda mwezi wa Septemba, siku tatu njiani, kila siku saa chache tu. Katika picha Bibi amesimama mbele ya pango, ameshika fimbo kwa mkono mmoja na mkono wa mjukuu kwa mwingine. Mama aandika kwamba Bibi alilala vizuri usiku zote, akateremka na kupanda mwenyewe, na kwamba alikuwa akilalamika juu ya mjukuu kuzungumza usingizini, akasema hata hivyo mazungumzo yenyewe ni ya kupendeza. Baiskeli za Mzee zilifungwa nyuma tangu nyumbani mpaka Lourdes na kurudi. Hazikushushwa hata mara moja, kwa sababu mvua ilinyesha, na kwa sababu kila asubuhi, badala ya kuzunguka vijiji, Mzee aliendesha kiti cha magurudumu cha kukodi.